Sababu Tulikuwa Nayo

Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba sababu ya kumpiga Idi Amin wa Uganda wanayo, uwezo wanao na nia wanayo. Nani atakayelipa, na atalipa nini, hakikuwa kitu cha kutajwa siku ile. Majeshi ya Amin yalikuwa yamevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba; katika uvamizi huo yalivunja daraja la Kyaka, yakaharibu kiwanda cha sukari cha Kagera, yakaswaga ng'ombe na kuua watu majumbani mwao. Amin alitangaza pia kwamba ardhi yetu yote iliyo kaskazini mwa Mto Kagera ni yake. Aliyechomewa nyumba hakai kitako kujadili kama vita ni halali.

Ugumu unaanzia pale mvamizi aliporudishwa kwao. Kwa nini tuliendelea hadi Masaka, Entebbe, Kampala? Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulikataza nchi moja kuingia nyingine, ingawa OAU hiyohiyo ilishindwa kumlaani Amin alipoingia kwetu. Jibu tulilozoea ni la hesabu: utawala wa Amin unakadiriwa kuua Waganda malaki, na wanajeshi wetu waliokufa vitani ni mamia. Mamia kwa malaki, tumepata faida.

Hesabu hiyo inanikera, na inanikera zaidi kwa sababu nakubaliana na mahali inapofikia. Waliokufa na waliookolewa ni watu tofauti. Kijana wa mgambo aliyeitwa kutoka kijijini Songea au Singida alikuwa na uhai mmoja; ukitoa moja katika moja, kwake hakibaki kitu cha kugawana na yeyote. Hakuna Mganda, hata mmoja, aliyenusurika akamrudishia mama yake mwana.

Tena, anayetetea vita kwa matokeo ayabebe matokeo yote. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na watu wakashangilia barabarani. Yusuf Lule aliyeshika urais akadumu siku 68. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha madarakani Obote, rais wa zamani aliyekuwa akiishi uhamishoni kwetu (tusijifanye hatukuwa na chaguo letu), kisha vikaja vita vya msituni, na eneo la Luwero likajaa mafuvu. Nduli Amin mwenyewe alifia Jeddah mwaka 2003, bila kusimama mbele ya hakimu yeyote.

Basi Luwero inaifanya safari ya Kampala kuwa dhambi? Sioni hivyo. Anayeamua huamua kwa anayoyajua siku ile, na mwanzoni mwa 1979 ilijulikana wazi kwamba Amin akiachwa atajipanga upya, huku Libya ikimletea askari na silaha. Ningekuwa na kura, ningepiga kura ya kwenda. Lakini kwenda kwa haki hakukufanya waliokufa wawe bei nafuu. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza: tukishathibitisha kwamba vita vilikuwa vya haki, tunafunga daftari, kana kwamba haki ni stakabadhi ya malipo.

Deni lilionekana mapema. Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mkanda; foleni za sukari na sabuni zikadumu miaka. Huko Kaboya, wilayani Muleba, wamelala wanajeshi zaidi ya 600, na kila Julai 25 taifa huweka mashada na silaha za jadi kwa heshima ya mashujaa. Ni vizuri. Ila maua hayamfikii mjane aliyelea watoto peke yake tangu 1979, wala mzee anayetembelea mguu mmoja.

Hao wangali miongoni mwetu, na kila mwaka wanapungua. Nawaomba wanaopanga bajeti wasiwaandike katika fungu la misaada. Wawaandike katika madeni ya taifa, na wawalipe wakiwa hai.