Mbuzi Watatu wa Pinta

Mwaka 1959 wavuvi walishusha mbuzi watatu, beberu mmoja na majike wawili, katika kisiwa cha Pinta, visiwa vya Galápagos, nchini Ecuador. Hawakukusudia ubaya. Anayeshinda baharini akila samaki hutamani nyama, na kisiwa kile hakikuwa na mtu wala mnyama wa kuwala mbuzi. Wangejilea wenyewe hadi siku ya kuchinjwa.

Wakajilea kweli. Baada ya miaka kumi na kitu walikadiriwa kufika 40,000. Walimaliza majani, wakamaliza miche, wakabandua na magome. Kobe wakubwa wa Pinta walikwisha kupunguzwa zamani na wawinda nyangumi, waliowapakia melini wakiwa hai, kwa kuwa kobe huvumilia miezi mingi bila chakula wala maji: kitoweo kisichooza! Masalia yao ndio waliopokonywa malisho na mbuzi.

Mwaka 1971 alionekana kobe dume mmoja tu. Mwaka uliofuata alipelekwa Kituo cha Utafiti cha Charles Darwin, kisiwani Santa Cruz, akaitwa George. Aliwekewa majike wa jamii za jirani. Mayai yalitagwa, hayakuanguliwa. Tarehe 24 Juni 2012 mlezi wake, Fausto Llerena, alimkuta amekufa, na jamii yake ikaishia hapo. Leo wageni wa kituo humwona nyuma ya kioo, amekaushwa, shingo juu. Wengi hupiga picha wakapita.

Ni heri wasimame kwenye vizimba vya watoto wa kobe, wenye namba za rangi mgongoni. Kobe wa kisiwa cha Española nao walibaki 14, na mbuzi walikuwapo huko pia. Ila wao walianza kukusanywa mwaka 1963 wazalishwe kituoni, majike wakiwa bado 12. Dume mwingine akaletwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, mbuzi wakaondolewa. Juni 2020 wazee hao 15 walirudishwa kwao, kwenye uzao wa kobe wapatao 2,000.

Na sisi tunao kunguru. Hawa wanaopora vifaranga mitaani Dar es Salaam asili yao ni wale walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, ati wale taka. Basi ukienda visiwa vidogo vya Zanzibar kama Chumbe au Misali, kagua mzigo wako kabla ya kupanda chombo, usije ukabeba panya. Chumbe panya waliondolewa mwaka 1997. Akishuka mmoja mwenye mimba, kazi inaanza upya.