Figo na Moyo

Alhamisi iliyopita nilimsindikiza mama mmoja wa ushirika wetu kutoka Tororo hadi Busia, upande wa Kenya, anakosafishiwa damu mara mbili kwa wiki. Tulivuka mpaka mapema, malori yangali yamepanga foleni. Hospitalini, kabla ya kiti, mizani. Muuguzi akasoma namba, kisha akamtazama.

"Mama, tangu Jumatatu umeongeza kilo tatu."

"Ni chai, mwanangu. Nilikuwa na wageni."

Muuguzi akacheka, akaandika. Figo zikishindwa kazi, maji hayana pa kutokea, hujionyesha kwenye mizani. Hakumgombeza. Alipanga tu yatolewe kiasi gani, akaingiza sindano mbili, na zile saa nne za kiti zikaanza.

Nilikaa kando nikiitazama mashine. Damu hutoka, hupita kwenye chujio la nyuzi nyembamba mno, hurudi mwilini. Siku hizi zipo mashine zinazomulika mwanga kwenye maji yanayotoka, zikasoma taka zinavyopungua dakika kwa dakika, bila kumchoma mgonjwa tena. Pasipo hizo, hungojwa majibu ya maabara, mara nyingi kwa mwezi mara moja. Nayo potasiamu haingoji mwezi. Ikipanda kupita kiasi, moyo waweza kusimama. Ndiyo maana mama huyu, mtu wa matoke tangu utotoni, huyaogopa kuliko sindano: yamejaa potasiamu.

Katika Zaburi ya 26, Daudi anamwomba Mungu ampime. Kwa Kiebrania anataja figo na moyo; Biblia yetu, badala ya figo, ikasema mtima. Miaka mingi niliisoma aya hiyo kama ombi la siku ya hukumu. Pale kando ya kiti nikajiuliza: kama ni ombi la kupimwa leo, taratibu, huku tukiendelea kusafishwa? Wewe, tangu Jumatatu, umeongeza uchungu kiasi gani? Na ni nani angekuuliza hivyo huku akicheka, nawe ukamwambia kweli?

Tiba hii haiponyi figo. Alhamisi unasafishwa, Jumatatu sharti urudi. Nadhani msamaha wa ndugu kwa ndugu nao huwa hivyo, ingawa Petro, alipomuuliza Yesu asamehe mara ngapi, alitamani, kama mimi, hesabu ifike mwisho.

Mama alitoka amechoka, pamba ingali mkononi. Tulipovuka kurudi Uganda, kijana wa boda akamuuliza kama anampeleka stendi ya Tororo.

"Nipitishe mtaa wa Sofia kwanza. Kwa kaka yangu."

Waligombania shamba la baba yao, na kaka hasemi naye. Kila akitoka hospitali, mama hupita pale. Jumatatu mlango haukufunguliwa.

Tulisimama mbele ya lango la bati. Akashuka polepole, akanishika bega, akabisha hodi.