Kumlilia Tusiyemjua

Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, akafariki London tarehe 24 Novemba 1991. Hata leo mashabiki huweka maua miguuni pa sanamu yake kule Montreux, Uswisi, kando ya ziwa. Wengi wao hawakuwahi kumpa mkono. Je, huzuni yao ni ibada ya sanamu?

Sisi wahubiri tuna haraka ya kujibu ndiyo. Lakini kushukuru kwa sauti iliyotufariji si kuiabudu. Kipaji hutoka kwa Mungu, na anayelia kinapozimika anakiri, pengine bila kujua, kwamba alipewa zawadi. Ibada ya sanamu huanza tunapomtaka mwimbaji atuokoe na kifo, naye mwenyewe hakuweza kukikwepa.

Lipo swali linalotugusa zaidi. Mercury alitangaza kwamba ana UKIMWI siku moja tu kabla ya kufa. Dunia iliyompigia makofi haikuwa mahali rahisi pa kusema ukweli huo. Na usharika wetu je? Tunao wanakwaya ambao sauti zao tunazifurahia kila Jumapili, wala hatujui wanameza dawa gani kwa siri. Wakifa, tutawaimbia vizuri sana.

Bwana wetu alilia alipokwenda kaburini kwa Lazaro. Lakini alikuwa amempenda angali hai, na dada zake aliwajua kwa majina. Nasi tuanzie hapo: tubishe hodi kabla ya tanzia.