Mlango wa Tippu Tip

Panda boti ya asubuhi kutoka Dar, jioni umesharudi. Ukifika Mji Mkongwe, ulizia Shangani, nyumba ya Tippu Tip. Watalii wanaupiga picha mlango wake wa nakshi. Mwenyewe alifariki 1905, jina bado lipo.

Hivi umaarufu ni heshima, au ni kukumbukwa tu? Huyu bwana alifanya biashara ya pembe na watu, kisha akaandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili. Sisi wapenda vitabu tunamsoma kwa raha. Waliobeba pembe zile mabegani kutoka Kongo hadi pwani hawakuacha kitabu. Kwa hiyo tumsome, sawa, lakini kila anapohesabu pembe, tuhesabu na mabega.