Kutu Iliyo Ndani

Soma kwa ajili ya somo hili: Kumbukumbu la Torati 22:8, Nehemia 3:12, Zaburi 51:6, Mathayo 23:27, 28.

Magari ya Land Rover yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Kwa sababu hiyo bodi yake ilifanywa ya alumini, ambayo haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi, ile fremu inayobeba injini, bodi na abiria, ni ya chuma. Basi gari la miaka arobaini laweza kuonekana zima kwa nje huku fremu yake ikiliwa. Tope huingia ndani ya fremu, maji hukaa humo, na kutu huanzia upande ambao jicho halifiki.

Watu wa Ngara na Biharamulo wanajua thamani ya gari linaloweza kupanda mlima wakati wa masika. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakakusanyika Benako. Chakula, dawa na wagonjwa walipaswa kusafirishwa. Katika nchi kama hiyo, uhai wa mtu huwekwa juu ya fremu ya gari.

Fikiria sasa familia moja ya Kiadventista huko Ngara. Baba amenunua Land Rover kuukuu iliyokaa juu ya mawe miaka mingi, nyuma ya migomba ya jirani. Mpango ni kuitengeneza na kuiuza, ili kijana apate ada ya chuo. Kila Jumapili kijana hufungua nati pamoja na baba yake. Binti husafisha vipuri kwa mafuta ya taa na kuandika matumizi daftarini. Mama hutoa fedha ya spea kutokana na kahawa. Ijumaa, kabla jua halijazama, spana zote hurudishwa sandukuni.

Miezi inapita, na injini inawaka. Kisha siku moja kijana anaigonga fremu kwa nyundo. Chuma kizima hulia. Hapa sauti ni bubu. Anajaribu kwa bisibisi, nayo inapenya.

Baba anatazama, ananyamaza. Kisha anasema, “Paka rangi nyeusi, mwanangu. Mnunuzi wa Biharamulo anakuja Jumapili.”

“Na akiuliza, baba?”

“Akiuliza nitamwambia. Asipouliza, si kosa letu.”

Je, kunyamaza ni uongo? Hoja ya baba si ya kipuuzi. Mnunuzi ni mtu mzima, ana macho, aweza kuja na fundi wake. Kila mtu anajua kwamba gari kuukuu lina kasoro. Wala hakuna anayelazimika kueleza kila kitu anachokijua.

Lakini soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba hawezi kujitetea kwamba mgeni alikuwa na macho. Yeye ndiye anayeijua dari yake. Mnunuzi huyu anataka kubeba wagonjwa na wakulima kutoka vijijini. Wao hawatakuwapo siku ya mapatano, wala hawatapata nafasi ya kuuliza.

Tena, rangi ile imebadilisha jambo. Kama baba angeliacha tundu wazi, pengine tungebishana kuhusu kunyamaza. Akilifunika ili lisionekane, mkono wake umekwisha kusema yale ambayo kinywa kimekataa kusema.

Nehemia 3:12 inamtaja Shalumu, aliyejenga sehemu ya ukuta wa Yerusalemu pamoja na binti zake. Kazi ya familia hutengeneza vitu viwili kwa pamoja: kile kilicho mikononi, na wale wanaoshika zana. Watoto hawa wa Ngara wamejifunza kufunga nati. Sasa wanajifunza kile ambacho mtu mwaminifu hufanya pale ukweli unapogharimu ada ya chuo.

Njia zilizobaki ni mbili: kukata chuma kilichooza na kuchomelea kipya, au kumwonyesha mnunuzi lile tundu na kukubali bei ndogo. Zote mbili zina hasara. Biblia haimwahidi baba kwamba fedha itarudi kesho yake. Huenda kijana akasubiri mwaka mmoja.

Hata hivyo, Mungu aliyemtaka Daudi awe na kweli moyoni hapaki rangi juu ya kutu. Hufunua palipooza, kisha huponya. Baba akimwita mwanawe na kumwambia, “Nilikosea, leta bisibisi, tumwonyeshe,” matengenezo makubwa kuliko yote yatakuwa yameanza.

Maswali ya kujadili:

1. Ni wakati gani kunyamaza ni busara, na ni wakati gani ni udanganyifu? Toeni mifano ya sokoni, shambani na nyumbani.

2. Kijana afanye nini ikiwa baba atashikilia neno lake? Heshima kwa mzazi inaishia wapi?

3. Familia hii ikikosa ada kwa sababu ya uaminifu, kanisa lina wajibu gani kwao?