Sukari Itarudi, Pombe Je?

Ndugu zangu katika imani, hapa hosteli Kampala imeingia desturi ya kukaa siku 30 bila sukari, posho, chapati wala pombe. Wameianza wenzetu wasio Waislamu, nasi tumejiunga. Mwili unafaidika, sina ubishi. Lakini Mwislamu anayeandika pombe kwenye orodha ya siku 30, siku ya 31 anangoja nini?

Sukari ni halali. Sura ya 66 inaanza kwa Mtume (s.a.w.) kuulizwa kwa nini anajiharimishia alichohalalishiwa, na katika riwaya mashuhuri kitu chenyewe kilikuwa asali. Basi acha sukari kwa afya yako, ila usimtazame anayekunywa chai tamu kana kwamba ametenda dhambi. (Mezani kwetu hilo limeshaanza.)

Pombe ilikatazwa kwa hatua: watu walizuiwa kwanza wasiikaribie sala wakiwa wamelewa (4:43), kisha aya ya 5:90 ikafunga mlango. Jirani yangu Mkristo aliyeacha bia mwezi huu namheshimu. Huenda yuko njiani. Ndugu yetu anayekunywa kwa siri, na wapo, namwomba aitoe pombe kwenye orodha ile aiandike peke yake, bila tarehe. Chapati tutakula wote mwezi ujao, nitanunua mimi.