Salamu ya Mazoea: Ni Upendo au ni Unafiki?



Katika semina moja ya wana ndoa hapa Garsen, niliwashauri waume na wake wawe na desturi ya kushukuriana kila jioni. Mzee mmoja akasimama, akasema: "Mwalimu, nikimwambia mke wangu asante kila siku saa mbili usiku kama mtu anayekunywa dawa, je, huo ni upendo au ni unafiki? Si afadhali ningoje siku ambayo moyo wenyewe utasema?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana niliona ni swali zito, na sikuwa na jibu la papo hapo. Leo, ndugu msomaji, nataka tulitafakari pamoja.

Mto uliohama

Sisi tunaoishi kando ya Mto Tana tunajua tabia ya maji. Mto huu husafiri kama kilomita 1,000 kutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya hadi kwetu. Lakini si kila mtu ajua kwamba zamani haukumwaga maji yake baharini pale unapomwaga leo. Katika karne ya 19, enzi za Masultani wa Witu, ulichimbwa mfereji mwembamba uitwao Belezoni, kuuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi ili vyombo viweze kupita. Ulikuwa mfereji tu. Lakini mafuriko yalipokuja, maji yaliona njia imeshafunguliwa, yakaifuata, yakaipanua. Hatimaye mto mzima ukahama, ukawa unamwaga maji yake Kipini.

Mto huo haukuhamishwa kwa nguvu za siku moja. Binadamu walifungua njia ndogo, na maji yakafanya mengine yote. Hivyo ndivyo mazoea yalivyo ndani ya mtu. Leo unachimba kidogo, kesho unachimba kidogo. Siku mafuriko ya maisha yanapokuja, yaani ugonjwa, njaa au hasira, moyo wako hauchagui njia mpya. Hufuata mfereji uliouchimba siku za kawaida.

Kosa langu mwenyewe

Nisije nikawahubiria wengine nikajisahau. Mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yalitutoa nyumbani, tukahamia mahali pa juu na jamaa wengine wengi. Huko wanaume tulizoea kukaa pamoja hadi usiku, tukisikiliza redio na kuzungumza habari za maji na misaada. Nikirudi, wangu wamelala. Maji yalipopungua tulirudi nyumbani, nalo zoea lile likarudi pamoja nami. Nilikuwa nakula kimya, redio sikioni, kisha nalala.

Sikulewa. Sikwenda nje ya ndoa. Kwa hiyo nilijiona mume mwema. Basi Jumapili moja, nikitoka kuwafundisha vijana wanaojiandaa kwa ndoa, mama mmoja akaniuliza: "Mwalimu, mke wako ameshapata nafuu?" Nikababaika. Mke wangu alikuwa na homa siku tatu, na jirani alijua kabla yangu mimi ninayelala naye kitanda kimoja!

Nilipofika nyumbani nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu bila hasira: "Ningekuambia saa ngapi? Ukiingia umechoka, ukitoka una haraka. Nikazoea."

Neno hilo "nikazoea" liliniumiza kuliko matusi. Nilifahamu kwamba tulikuwa tumechimba mfereji wawili sisi. Mimi nilizoea kunyamaza, naye akazoea kutokutarajia neno.

Mnafiki na mwanafunzi

Tangu siku hiyo niliamua jambo moja dogo. Kabla ya chakula cha usiku, nizime redio, niketi mkekani kando yake, nimwulize siku yake ilikuwaje, nami nisikilize. Siku za kwanza ilikuwa aibu tupu. Mke wangu alinitazama, akauliza: "Una nini? Umefanya kosa gani huko?" Maneno yangu yalikuwa makavu kama ya mtoto anayekariri. Hapo nikalikumbuka swali la yule mzee. Je, mimi ni mnafiki?

La hasha. Mnafiki hutenda jema ili aonekane asivyo, na hana haja ya kuwa hivyo. Anayejizoeza hutenda jema ili awe asivyokuwa bado. Matendo yao yaweza kufanana, lakini nia zao zatofautiana kama usiku na mchana. Mtoto anayejifunza kupiga kafia mtumbwini hupiga vibaya, na mtumbwi huzunguka. Hatumwiti mnafiki kwa sababu bado si mwanamaji. Twamwita mwanafunzi.

Jambo hili si geni. Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, kama vile fundi huwa fundi kwa kujenga. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliendeleza fundisho hilo akisema kwamba fadhila ni aina ya mazoea yaliyotia mizizi, yanayomwezesha mtu kutenda mema kwa wepesi. Na Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwahimiza wenye familia wasiache maneno matatu: naomba, asante, samahani.

Isitoshe, upendo si hisia tu. Mama anayeamka usiku wa manane kumnyonyesha mtoto haulizi kwanza kama moyo wake umependa kuamka. Huamka. Je, twaweza kusema kwamba hampendi mtoto kwa sababu alitamani kulala? Kinyume chake, hapo ndipo upendo wake huonekana zaidi.

Mfereji hujaa tope

Hata hivyo, yule mzee alikuwa na ukweli wake. Mfereji usiosafishwa hujaa tope. Yawezekana kusema "asante" huku macho yako yako kwingine, kama sala inayopita midomoni tu, ambayo Bwana wetu alituonya nayo. Kwa hiyo zoea jema lahitaji kusafishwa mara kwa mara. Mtazame mwenzako usoni. Taja jambo lenyewe: "Asante kwa kuteka maji nilipokuwa shambani." Asante yenye jina haiwezi kuwa tupu.

Tena nasema wazi: zoea dogo halifichi dhambi kubwa. Mume anayempiga mkewe haponi kwa kusema asante jioni. Ahitaji toba na kubadilika kabisa, naye mke ana haki ya kutafuta usalama na msaada. Asiambiwe na mtu yeyote avumilie kipigo kwa jina la desturi njema.

Tuanzeje?

Kwanza, chagua jambo moja, tena dogo. Anayeapa kubadilisha nyumba yote Jumatatu hushindwa kabla ya Alhamisi.

Pili, lifunge kwenye jambo mnalolifanya tayari: mkifunga chandarua, salini Baba Yetu pamoja. Mkinywa chai ya asubuhi, ulizaneni mliamkaje. Hivyo hutahitaji kukumbushwa.

Tatu, uwe na subira. Wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 waliojizoeza jambo jipya, na mwaka 2010 wakachapisha kwamba zoea lilichukua wastani wa siku 66 kukomaa. Wengine ilikuwa siku 18, na wengine ilikadiriwa hata siku 254. Aidha, waliona kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Basi ukisahau leo, usiseme "nimeshindwa." Anza tena kesho.

Nne, jichunge mwenyewe, usimchunge mwenzako. Ukianza kuhesabu asante alizosahau yeye, umegeuza zawadi kuwa deni.

Kwangu ilichukua miezi kadhaa. Jioni moja nilikuwa na wenzangu barazani, mazungumzo yamenoga. Saa ilipofika, miguu yangu ikainuka yenyewe. Hapakuwa na mtu aliyenikumbusha, wala sikuhisi kwamba nafanya wajibu. Nilitaka kujua siku yake ilikuwaje. Nilipofika, nilikuta mkeka umeshatandikwa, naye ameniachia nafasi.

Hilo ndilo jibu langu kwa yule mzee. Mzee wangu, usingoje moyo useme ndipo ufungue mdomo. Fungua njia kwa mdomo, nao moyo utakuja nyuma yake kama maji yajavyo mferejini.

Maswali ya kujadili wawili jioni hii:
1. Ni zoea gani dogo limetutenga bila sisi kujua?
2. Ni jambo gani mmoja wetu amezoea kutolitarajia tena kwa mwenzake?
3. Mimi binafsi nitaanza na jambo gani moja, na saa ngapi?

Mungu azibariki nyumba zenu, na Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.